George Lansbury, Diwani wa Poplar

Wengi wanaolijua jina la George Lansbury humkumbuka kuwa alikiongoza chama cha Labour cha Uingereza kati ya mwaka 1932 na 1935, mzee mnene mwenye ndevu za mashavuni na sauti iliyoweza kujaza uwanja bila ya kipaza sauti. Vitabu vya historia humpa kurasa chache, kisha hupita upesi kwenda kwa Bwana Attlee aliyemfuata. Lakini wenyeji wa Poplar, katika mashariki ya mji wa London, hawakumjua kwanza kwa cheo hicho. Kwao alikuwa diwani wao. Aliingia katika Baraza la Mji wa Poplar mwaka 1903, na alipokufa mwaka 1940 alikuwa bado mjumbe wa baraza hilo. Hata alipokuwa mbunge, hata alipokuwa waziri, hata alipokuwa akikiongoza chama kizima, hakukiacha kiti cha udiwani. Leo tunapenda kusimulia maisha yake kwa upande huo, kwani hapo ndipo alipotiwa katika tanuri akajaribiwa.

Alizaliwa mwezi wa Februari mwaka 1859 karibu na Halesworth, katika jimbo la Suffolk. Baba yake alikuwa mfanya kazi katika ujenzi wa njia za reli, na kwa hiyo jamaa ilikuwa ikihama kila kazi ilipohama, mpaka ikatua mashariki ya London. Kijana Lansbury hakusoma sana. Alianza kazi angali mtoto, akashika vibarua vya kila namna, na mwaka 1880 akamwoa Bibi Bessie Brine, binti wa mwenye kiwanda cha kupasulia mbao mtaani Bow.

Siku hizo matangazo yalikuwa yamebandikwa kila mahali Uingereza kuwaambia maskini kwamba Australia ni nchi ya neema, kazi tele na mshahara mzuri. Lansbury akayaamini. Mwaka 1884 akafunga safari pamoja na mkewe na watoto wao wadogo, akafika Queensland, na neema aliyoambiwa hakuiona. Alivunja mawe barabarani. Alifanya kazi machinjioni. Mwaka 1885 alirudi London kwa nauli aliyopewa na baba mkwe wake, na jambo la kwanza alilolifanya ni kusimama mbele ya watu na kueleza jinsi wahamiaji walivyodanganywa. Hapo ndipo alipojifunza kusema hadharani. Alikuwa na umri wa miaka 26, na hakuwa na kitu ila ile hasira ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Akaingia chama cha Liberal, akawa msimamizi wa uchaguzi na mwenye sifa ya kujua kuzikusanya kura. Lau angalitaka, angaliweza kupanda cheo kwa njia hiyo. Lakini aliona kwamba wakubwa wa chama walipenda kura za wafanya kazi kuliko walivyowapenda wafanya kazi wenyewe. Alipotaka saa za kazi ziwe nane kwa siku, waliambaa. Mwaka 1892 akawaacha, akajiunga na wasoshalisti.

Mwaka uliofuata, 1893, alichaguliwa kuwa mmoja wa Walezi wa Maskini wa Poplar. Inafaa msomaji afahamishwe kazi ya Walezi hao, kwani bila ya hayo yaliyotokea baadaye hayataeleweka. Katika Uingereza ya zamani hapakuwa na msaada wa serikali kuu kwa mtu aliyekosa kazi, au mzee, au mjane. Kila wilaya ilikuwa na Walezi wake waliochaguliwa, na fedha zao zilitokana na kodi ya nyumba iliyotozwa wenyeji wa wilaya ile ile. Fukara aliyeomba msaada mara nyingi alipelekwa katika nyumba ya maskini, mahali palipofanywa pabaya kwa makusudi, ili mtu asipatamani. Mume alitengwa na mkewe, mtoto akatengwa na wazazi, na wote wakavikwa sare ili wajulikane.

Lansbury alikwenda kuitazama nyumba hiyo kwa macho yake, pamoja na Bwana Will Crooks, mtu aliyewahi kuishi humo alipokuwa mtoto. Wakakuta uji unaopakuliwa umechanganyika na mavi ya panya. Watu wengine wangaliandika barua, wakasubiri jibu. Hawa wawili walianza na uji ule ule, kisha wakaendelea. Chakula kikabadilishwa, sare zikaondolewa, wafanya kazi wabaya wakaondoshwa, na watoto wakaanza kusomeshwa kama watoto wa watu. Kwa miaka kadhaa Poplar ikawa mfano, na kwa wengine ikawa kashfa, maana fedha zilitumika. Mwaka 1906 serikali ikafanya uchunguzi juu ya matumizi ya Walezi wa Poplar, na magazeti ya wenye mali yakapata la kusema. Lansbury mwenyewe wakati huo alikuwa katika Tume ya Kifalme iliyoichunguza sheria nzima ya maskini, na tume ilipomaliza kazi mwaka 1909, yeye na Bibi Beatrice Webb walikuwa miongoni mwa wachache waliokataa kutia sahihi taarifa ya wengi, wakatoa yao, wakitaka sheria hiyo ifutwe.

Tutapita upesi katika miaka iliyofuata, si kwa kuwa haina mambo, bali ina mambo mno. Mwaka 1910 akawa mbunge wa Bow na Bromley. Mwaka 1912 akakiacha kiti chake kwa hiari ili agombee tena kwa jambo moja tu, yaani haki ya wanawake ya kupiga kura. Akashindwa kwa kura 751. Wanawake aliowapigania hawakuruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi ule ule, na wenzake wengi walimwona mjinga. Mwaka 1913 alitiwa gerezani kwa hotuba aliyoitoa kuwatetea wanawake, akagoma kula, akafunguliwa. Mwaka huo huo akashika uhariri wa gazeti la Daily Herald, akaliendesha katika dhiki isiyokwisha mpaka likakabidhiwa kwa chama cha Labour na vyama vya wafanya kazi mwaka 1922. Sisi tunaoandika katika gazeti la chama twajua kidogo maana ya dhiki hiyo.

Lakini kushindwa kule kwa mwaka 1912 kulimfunza jambo. Alikuwa amewaendea wapiga kura na jambo la haki, lakini lililo mbali na sufuria zao. Mwaka 1919, vita vilipokwisha na uchaguzi wa mabaraza ya miji uliporudi, Lansbury na wenzake waliwaendea wenyeji wa Poplar wakiwa na mambo yaliyo mlangoni mwao: nyumba zinazovuja, maziwa ya watoto, kifua kikuu, mahali pa kuoga, kazi kwa wasio na kazi, na mshahara wa wale wanaozoa taka na kufagia barabara za mji. Chama cha Labour kikapata viti 39 katika viti 42. Lansbury akawa Meya wa kwanza wa Poplar kutoka chama hicho. Wajumbe wapya wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono, makuli wa bandarini na watu wa reli, na walikuwamo wanawake.

Yatupasa kuueleza mji wenyewe. Poplar ilikuwa na watu zaidi ya laki moja na nusu, wamebanana kati ya gati, maghala na viwanda. Wanaume wengi waliishi kwa kibarua cha bandari. Kila asubuhi walisongamana langoni, msimamizi akanyosha kidole, huyu na yule, na waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Anayeijua bandari yo yote ya zamani ameliona jambo hilo na hahitaji kusimuliwa zaidi.

Baraza jipya halikukawia. Nyumba zikaanza kujengwa, na wenye nyumba wakashurutishwa kutengeneza zile mbovu. Maziwa yakatolewa kwa mama wajawazito na watoto wachanga. Maktaba na mabafu ya watu wote yakaongezwa, na wasio na kazi wakapewa kazi za barabara. Mwaka 1920 Baraza likaamua kwamba mtu mzima ye yote anayefanya kazi ya Baraza asilipwe chini ya pauni nne kwa juma, awe mwanamume au mwanamke. Habari hiyo ya mwanamke kupata sawa na mwanamume kwa kazi ya chini kabisa iliwaudhi watu wengi kuliko gharama yenyewe.

Mwaka 1920 ulipokuwa ukiisha, biashara ya dunia ikaanguka. Meli zikapungua, kazi bandarini ikakauka, na wasio na kazi wakajaa milangoni kwa Walezi wa Maskini. Hapo ndipo ubaya wa mpango wa kodi ulipodhihirika.

Kodi ya nyumba ilihesabiwa kwa thamani ya pango. Katika mji wa matajiri kama Westminster, palipo majumba, mahoteli na maduka makubwa, kila peni ya kodi iliyotozwa katika pauni ya thamani ilileta fedha nyingi. Katika Poplar, penye vibanda vya makuli, peni ile ile ilileta kama sehemu moja katika tisa. Na tena Westminster ilikuwa na maskini wachache wa kuwalisha, ilhali Poplar ilijaa. Basi ili kumpa fukara mkate, Poplar ililazimika kuwatoza kodi kubwa watu ambao wenyewe walikuwa hatua moja tu kutoka ufukara. Fauka ya hayo, kila mji uliamriwa kutoza kodi kwa ajili ya vyombo vya London nzima: Baraza la Jimbo la London, polisi, bodi ya maji, na bodi ya hospitali na nyumba za wagonjwa. Hayo nayo maskini wa Poplar aliyalipa.

Madiwani walikuwa na njia mbili zilizoruhusiwa na sheria. Wangeweza kupandisha kodi mpaka watu wauze vyombo vyao, au wangeweza kupunguza msaada wa mafukara na kuufuta mpango wote waliouombea kura. Njia ya kwanza iliwavunja wapangaji, na ya pili ilivunja ahadi. Mwezi wa Machi mwaka 1921 wakachagua ya tatu. Wakaazimia kutoza kodi kwa mahitaji ya Poplar na maskini wake tu, na kutotoza hata peni kwa ajili ya vile vyombo vya London, mpaka miji tajiri ishirikishwe katika kuwalisha maskini wa mji mzima.

Hatusemi kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi kuliamua, wala kwamba kila aliyelipinga alikuwa adui wa maskini. Diwani ameapishwa kuifuata sheria. Baraza likizoea kuchagua kodi ya kulipa na ya kutolipa, kesho baraza la matajiri nalo litachagua. Hata ndani ya Labour, Bwana Herbert Morrison, aliyekuwa Meya wa Hackney, aliupinga mwendo huo kwa nguvu, akiona kwamba utakiponza chama mbele ya wapiga kura wa nchi nzima. Hoja yake ilikuwa na uzito, na historia ya baadaye haikumvunjia heshima, maana alikuja kuiongoza London yote. Lakini Morrison hakuwa na jibu kwa fukara wa Poplar wa mwezi ule. Aliweza kumwambia angoje sheria. Lansbury aliona kwamba sheria haitabadilika ikiwa wale wanaoumizwa nayo wanaitii kimya kimya.

Baraza la Jimbo na bodi ya hospitali wakaishitaki Poplar. Siku ya 29 Julai 1921 madiwani waliitwa Mahakama Kuu, nao wakaamua kwenda kwa miguu. Wakatoka Poplar kwa maandamano, mbele mchukua fimbo rasmi ya Baraza, ngoma zikilia, bendera zikiwatangazia wapita njia kwamba hao ni madiwani waendao mahakamani na huenda baadaye gerezani, na nyuma yao maelfu ya wenyeji. Mahakama iliwaamuru watoze kodi yote. Wakakataa. Tangu mwanzo wa Septemba wakakamatwa mmoja mmoja majumbani mwao, jumla yao 30, wanaume wakapelekwa gereza la Brixton na wanawake Holloway. Kifungo hakikuwa na mwisho. Wangebaki humo mpaka watii.

Lansbury alikuwa na miaka 62. Mwanawe Edgar alikuwa naye Brixton, na mke wa Edgar, Bibi Minnie, alikuwa Holloway. Huko Holloway alikuwako pia Bibi Nellie Cressall, naye alikuwa mja mzito. Serikali iliona haya kuwa mama huyo anaweza kujifungua gerezani kwa kosa la kutotoza kodi, ikamtoa mapema.

Kuna visa vinavyochekesha katika kifungo hicho. Madiwani walidai haki ya kukutana, kwa kuwa Baraza haliwezi kufa kwa kuwa wajumbe wake wamefungwa, na wakuu wa gereza wakakubali. Basi Baraza la Mji wa Poplar likakutana rasmi ndani ya gereza la Brixton, wanawake wakiletwa kutoka Holloway kwa gari, mihutasari ikaandikwa, hoja zikapigiwa kura, kisha kila mtu akarudishwa chumbani mwake. Jioni watu walikusanyika nje ya ukuta, na Lansbury akawahutubia kutoka dirishani. Ile sauti tuliyoitaja ilifaa siku hizo.

Wakati huo mabaraza ya Bethnal Green na Stepney yakaamua kufuata mfano wa Poplar, na serikali ikaona kwamba magereza hayatatosha. Tarehe 12 Oktoba 1921, baada ya majuma kama sita, wafungwa wakafunguliwa bila ya kutii. Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria iliyoutandaza mzigo wa kuwalisha maskini wa London juu ya miji yote, tajiri na fukara, kwa mfuko mmoja. Westminster ikalipa zaidi, Poplar ikapumua.

Ushindi haukuwa wa bure. Bibi Minnie Lansbury aliugua homa, ikageuka kuwa kichomi, akafa siku ya kwanza ya mwaka 1922. Alikuwa na miaka 32. Watu wengi waliamini kwamba gereza ndilo lililomdhoofisha. Baba mkwe wake alikuwa mtu wa dini, aliyeiacha imani ujanani akairudia ukubwani, na msiba huo aliuchukua kwa subira, lakini hakuacha kuukumbuka.

Sasa tunafika mwezi wa Novemba mwaka 1922. Muda wa Baraza ulikuwa umekwisha, na madiwani waliotoka gerezani mwaka mmoja nyuma hawakuwa na budi kurudi kwa wapiga kura na kuomba tena. Maadui zao walijiandaa vizuri. Wenye viwanda na wafanya biashara walikuwa wameungana, Liberal na Conservative pamoja, kuwapinga. Neno jipya lilikuwa limezuliwa kutokana na jina la mji, likaenea katika magazeti ya Uingereza, nalo lilimaanisha ufujaji wa fedha za watu kwa kuwahonga mafukara. Wizara ya Afya ilikuwa imemtuma mtu kuwachunguza Walezi wa Poplar, na taarifa yake ikatoka mwaka huo huo wa uchaguzi ikiwalaumu kwa kutoa msaada mkubwa mno. Kodi ya Poplar, hata baada ya nafuu, ilikuwa miongoni mwa kodi kubwa za London. Na mpiga kura mwenye duka dogo, asiyekuwa tajiri wala fukara, aliiona kila alipofungua daftari lake.

Madiwani hawakuficha matumizi. Pauni nne walizokuwa wakilipa, waliendelea kuzitetea. Msaada waliotoa kwa wasio na kazi, walisema ndiyo kazi waliyotumwa. Nyumba zilizojengwa zilikuwapo, na mtu aliweza kwenda kuzitazama. Watoto waliokunywa maziwa walikuwa wakicheza barabarani. Huenda hiyo ndiyo sababu hawakuhitaji maneno mengi. Katika uchaguzi huo Labour ilipigwa vibaya karibu London nzima, ikapoteza viti vingi ilivyovipata mwaka 1919. Poplar haikuanguka. Madiwani wa gerezani walirudishwa barazani na wingi wa viti ukabaki mikononi mwao. Majuma mawili baadaye, katika uchaguzi wa Bunge, Lansbury akachaguliwa kuwa mbunge wa Bow na Bromley kwa ziada ya kura zipatazo 7,000, na kiti hicho hakukipoteza tena.

Bwana Morrison alikuwa ametabiri kwamba ukaidi utawakimbiza wapiga kura. Kwa London nzima twaweza kubishana. Kwa Poplar yenyewe masanduku ya kura yalijibu.

Yaliyofuata hayakuwa yote ya furaha. Mkaguzi wa hesabu wa serikali aliwatoza madiwani pauni 5,000 kwa kuwa, kwa hesabu yake, mishahara waliyolipa ilipita kiasi. Kesi ikapanda mahakama moja baada ya nyingine mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 1925 Malodi wakaamua dhidi ya Poplar. Mmoja wa waamuzi aliona kwamba madiwani walipotoshwa na huruma za kisoshalisti na tamaa ya kuwasawazisha wanawake na wanaume katika ujira. Hukumu hiyo husomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria, na wengi wao huisoma kwa mshangao. Lakini mwaka 1925 ilikuwa sheria ya nchi, na ilisema kwamba hiari ya diwani ina mpaka, na mpaka huo huchorwa na jaji, si na mpiga kura.

Lansbury alikwenda juu zaidi. Mwaka 1929 akawa Waziri wa Majengo ya Serikali, wizara ndogo aliyopewa labda ili asiweze kufanya madhara, naye akaitumia kufungua bustani za wafalme kwa watoto wa maskini na kutengeneza pwani ya kuogelea katika ziwa la Hyde Park. Mwaka 1931 chama chake kilipogawanyika na kupigwa karibu kufutika, yeye peke yake miongoni mwa waliokuwa mawaziri wa baraza kuu ndiye aliyebaki Bungeni kwa Labour, na kwa sababu hiyo akatwikwa uongozi. Poplar haikumwacha hata siku hiyo.

Hapa hatuna budi kusema ambalo wasifu wa sifa tupu hulipitia mbali. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini ilijitayarisha kuivamia Ethiopia, na chama cha Labour kikataka Italia iwekewe vikwazo, hata kama vikwazo hivyo vitaleta vita. Lansbury, mpinga vita kwa imani ya dini yake, hakuweza kukubali. Katika mkutano wa chama mjini Brighton, Bwana Ernest Bevin wa chama cha makuli na madereva alimshambulia kwa maneno makali, na wajumbe kwa wingi mkubwa wakamwendea kinyume. Italia iliingia Ethiopia tarehe 3 Oktoba, na siku chache baadaye Lansbury akajiuzulu. Sisi tulio majirani wa Ethiopia hatuwezi kusema kwamba alikuwa na haki. Mtu aliyejua kwamba maskini wa Poplar hawatapata haki kwa kungoja alipaswa kujua kwamba Ethiopia nayo haitaipata kwa kungoja. Mwaka 1937 alikwenda mpaka kwa Hitler na kwa Mussolini kuwasihi watunze amani, akarudi akiamini kwamba wamemsikia. Moyo ulikuwa ule ule uliosimama dirishani Brixton, ila safari hii aliokuwa akisema nao hawakuhitaji kura ya mtu.

Kati ya safari hizo, jambo ambalo magazeti makubwa hayakulijali, alikuwa Meya wa Poplar mara ya pili, mwaka 1936 mpaka 1937. Mzee wa miaka 77, aliyekwisha kuwa waziri na kiongozi wa upinzani, mjane tangu Bibi Bessie alipofariki mwaka 1933, alirudi kukaa kiti kile kile na kusikiliza habari za mabomba na paa zinazovuja. Nyumba yake ya barabara ya Bow ilikuwa wazi kwa ye yote mwenye shida, na waliogonga mlango hawakuhitaji barua ya kuwatambulisha.

Alikufa tarehe 7 Mei 1940 kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo. Kwa usia wake mwili ulichomwa na majivu yakatawanywa baharini, kwa kuwa hakutaka kuwa wa nchi moja tu. Miezi minne kamili baadaye, tarehe 7 Septemba, ndege za Kijerumani zikaanza kuzimwagia mabomu gati za mashariki ya London. Poplar ikaungua, na nyumba ile ya barabara ya Bow ikaangamia katika vita hivyo.

Vita vilipokwisha, sehemu ya Poplar iliyobomolewa ikapangwa upya, nyumba zikajengwa pamoja na shule, makanisa na soko, na mwaka 1951 mtaa huo ukaonyeshwa kwa wageni kuwa mfano wa mji wa kesho. Ukapewa jina la Lansbury. Soko lake, la Chrisp Street, linauza mboga na samaki mpaka leo.